Nani Ahesabiwe Mgonjwa? Kazi ya Dkt. Charles King na Kichocho cha Msambweni

Utangulizi

Neno "uamuzi" linapotajwa hospitalini, fikra humkimbilia daktari aliyeketi chumbani, mgonjwa mbele yake na kalamu mkononi. Huo ni uamuzi wa mtu mmoja kwa ajili ya mtu mmoja. Upo, hata hivyo, uamuzi wa kitabibu wa namna nyingine, ambao haumhusu mgonjwa mwenye jina. Ni ule wa kukata shauri iwapo watoto wa eneo zima watapewa dawa au la, kama watapimwa kwanza au watatibiwa bila kupimwa, na kama wazazi wao wataingizwa katika hesabu au wataachwa. Wasomi wa sarufi wamewahi kubishana juu ya "uamuzi" na "maamuzi", wengine wakidai kwamba wingi huo hauhitajiki. Mjadala huu wa pili wa kitabibu unaonyesha kwamba wingi unahitajika sana.

Makala haya yanafuatilia kazi ya Charles H. King, daktari wa maradhi ya kuambukiza wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, mjini Cleveland, Marekani, ambaye sehemu kubwa ya utafiti wake ilikita mizizi Msambweni, katika iliyokuwa Wilaya ya Kwale. Inadaiwa hapa kwamba swali lililoiongoza kazi hiyo lilikuwa moja, ijapokuwa lilibadilisha sura mara kadhaa: nani ahesabiwe mgonjwa? Kila jibu lililotolewa liliamua nani angepata kidonge na nani angerudi nyumbani mikono mitupu. Aidha, jambo linalowahusu moja kwa moja wasomaji wa jarida hili ni kwamba jibu hilo lilitegemea maneno kwa kiasi kikubwa kuliko inavyodhaniwa, na baadhi ya maneno hayo ni ya Kiswahili.

Ugonjwa na jina lake

Kichocho husababishwa na minyoo midogo iishiyo ndani ya mishipa ya damu. Ule wa pwani, uitwao kwa Kilatini Schistosoma haematobium, hukaa katika mishipa inayozunguka kibofu cha mkojo. Mayai yake hutoka na mkojo. Yakifika majini hutoa viluwiluwi ambao huingia ndani ya konokono wa jenasi ya Bulinus. Humo huzaana kwa wingi, kisha hutoka na kumsubiri mtu. Mtoto anayeoga bwawani, mama anayefua kijitoni, au mkulima anayevuka mto hupenywa ngozi bila kuhisi lolote la maana. Si mayai yote yanayotoka. Mengine hunasa katika kuta za kibofu, na hayo ndiyo huleta kidonda, damu katika mkojo, kuziba kwa mirija ya figo na, baada ya miaka mingi, hata saratani ya kibofu.

Jina "kichocho" limo katika ngeli ya KI-VI pamoja na kundi kubwa la majina ya maradhi: kifafa, kifaduro, kisonono, kipindupindu, kiharusi, kisukari. Katika matumizi ya kawaida ya pwani, jina hilo hufungamanishwa na dalili moja, nayo ni kukojoa damu. Kwa sababu hiyo wataalamu walipotaka kuutaja ugonjwa wa jamaa yake, unaosababishwa na Schistosoma mansoni na kushambulia matumbo na ini, walilazimika kuongeza kivumishi na kusema "kichocho cha tumbo". Msomaji alishike jambo hili, kwani litarejea: jina lililofungwa kwenye dalili moja humwacha nje kila mtu asiyekuwa na dalili hiyo.

Kutoka Machakos hadi Msambweni

King hakuanzia patupu. Cleveland ilikuwa na kundi la madaktari waliokuwa wamekwisha kuishughulikia Kenya. Mwaka 1976, Kenneth Warren na Adel Mahmoud, daktari mzaliwa wa Misri, walitoa pendekezo la kuielekeza tiba kwa watu waliochaguliwa. Hoja yao iliegemea tabia ya kibiolojia ya mnyoo huyu. Kinyume na bakteria, minyoo ya kichocho haizaani ndani ya mwili wa binadamu. Idadi yake huongezeka tu kwa mtu kuambukizwa tena na tena. Isitoshe, minyoo haigawanyiki sawasawa: watu wachache hubeba mingi, na wengi hubeba michache. Ikiwa madhara makubwa huwapata wale wachache, basi watibiwe hao, na fedha zilizosalia zitumiwe kwa mengine. Dawa za wakati huo zilikuwa ama ghali ama zenye madhara, hivyo hoja ilikuwa na uzito. Mahmoud, Timothy arap Siongok, John Ouma na wenzao waliijaribu Machakos dhidi ya kichocho cha tumbo, na mwaka 1983 wakachapisha matokeo ya ufuatiliaji wa miaka saba.

Katika hatua hii, "mgonjwa" alikuwa mtu mwenye mayai mengi. Mwenye machache alihesabiwa kuwa na maambukizi tu. Kiswahili kina maneno mawili hapa, "maambukizi" na "ugonjwa", na pengo lililo kati yake ndimo zilimopita sera za miaka mingi.

Mradi wa Msambweni ulianza mwaka 1984, ukiwaunganisha watafiti wa Cleveland na wa Kenya, miongoni mwao Ouma, Siongok, Davy Koech na, baadaye, Eric Muchiri. Mahali hapo palifaa. Msambweni iko kusini ya Diani, kando ya barabara iendayo Lunga Lunga, na vijiji vyake vina mabwawa na vijito ambavyo watu huvitegemea kwa kuoga, kufua na kunyweshea mifugo. Kichocho cha mkojo kilikuwa kimeenea kiasi kwamba swali halikuwa kama kipo, bali kifanywe nini.

Walichofanya ni kwenda shuleni. Kila mwaka watoto walitoa mkojo, ukachujwa, mayai yakahesabiwa kwa darubini, na walioambukizwa wakatibiwa. Dawa mbili zilishindanishwa: prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili mara moja kwa mwaka, na metrifoneti, miligramu 10 kwa kila kilo mara tatu kwa mwaka. Zote zilipunguza maambukizi. Hata hivyo, kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, tofauti kati ya mara moja na mara tatu si ndogo: ni siku tatu za masomo, orodha tatu, na nafasi tatu za mtoto kutokuwepo siku ya dawa. Metrifoneti baadaye iliacha kutumika kwa ugonjwa huu, na prazikwanteli ndiyo iliyobaki.

Watafiti hawakuishia kwenye mayai. Walikwenda na mashine za ultrasaundi, wakati ambapo picha za aina hiyo zilikuwa adimu hata katika hospitali nyingi za wilaya, wakatazama kibofu na figo za watu wa Msambweni. Makala ya mwaka 1988, ambayo King ndiye mwandishi wake wa kwanza, ilieleza jinsi madhara ya njia ya mkojo yalivyohusiana na umri na wingi wa maambukizi. Huenda hapa ndipo mwelekeo wa kazi yake ya baadaye ulipojitokeza kwanza: kilichohesabiwa hakikuwa tena yai lililotoka bali jeraha lililobaki.

Mpango huo wa shule uliendelea kwa miaka tisa. Takwimu zake ziliendelea kuchambuliwa muda mrefu baada ya kwisha, na mwaka 2005 Ouma, King na Muchiri walichapisha makala kuhusu watu wa Kwale waliotibiwa miaka 10 hadi 18 kabla, ikionyesha kwamba manufaa ya tiba hiyo yalikuwa bado yanaonekana. Miradi mingi ya utafiti hukunja mkeka siku fedha zinapokwisha. Kuwatafuta watu wazima waliokuwa watoto wa shule mwaka 1984, wengine wamekwisha kuhama na kuoa au kuolewa, ni kazi ya subira ambayo haionekani katika majedwali.

Kupima kwanza au kutibu kwanza?

Ni vyema kueleza hapa msingi wa taaluma yenyewe, kwani wanafunzi wengi wa lugha hawajakutana nayo. Taaluma ya uamuzi wa kitabibu ilipata chama chake Marekani mwaka 1979. Mwaka uliofuata, Stephen Pauker na Jerome Kassirer walichapisha makala iliyokuja kusomwa sana kuhusu kizingiti cha uamuzi. Kwa ufupi, daktari hahitaji kuwa na hakika ili atibu. Anachohitaji ni kujua kama uwezekano wa ugonjwa umevuka kiwango ambacho faida ya kutibu inazidi hasara yake. Chini ya kizingiti asitibu. Juu sana ya kizingiti atibu bila kujisumbua kupima. Katikati ndipo kipimo kina kazi.

Wazo hili likihamishwa kutoka chumba cha daktari hadi shule ya msingi, mambo hubadilika. Chukulia, kwa mfano wa kubuni tu, shule yenye watoto 100, na 70 kati yao wana minyoo. Kipimo cha mkojo cha siku moja si kamilifu, kwani mwenye mayai machache huweza kutoa mkojo usio na yai hata moja siku hiyo. Tuseme kinawakosa 15. Shule ikifuata njia ya kupima kwanza, watoto 55 watatibiwa, 30 wataambiwa ni wazima na kweli ni wazima, na 15 wataambiwa ni wazima ilhali wana minyoo. Njia ya pili ni kumpa kila mtoto dawa. Hapo 70 watatibiwa na 30 watameza dawa wasiyoihitaji. Prazikwanteli huweza kuleta kichefuchefu, maumivu ya tumbo na kizunguzungu, hasa kwa mtoto ambaye hajala, lakini madhara hayo kwa kawaida ni ya muda mfupi. Swali basi ni hili: lipi zito zaidi, usumbufu wa siku moja kwa watoto 30 au minyoo ya miaka kadhaa kwa watoto 15? Na hapo bado hajahesabiwa mhudumu wa maabara, darubini, petroli na siku nzima ya kuchuja mkojo.

Ukibadilisha takwimu, wenye minyoo wakawa watoto watano tu kati ya 100, hesabu hugeuka. Watoto 95 kumeza dawa kwa ajili ya watano ni jambo linalohitaji kutetewa upya.

Bei ya dawa iliingia katika mizani hii kwa nguvu. Prazikwanteli ilipotokea, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilikuwa ghali. Baadaye bei ilishuka sana, na kuanzia mwaka 2007 kampuni ya Merck ya Ujerumani ilianza kuitoa bure kupitia Shirika la Afya Duniani. Dawa inapokuwa rahisi kuliko kipimo, kupima huanza kuonekana kama anasa. Mwaka 2001 Baraza la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kuazimia kwamba ifikapo 2010 angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa kwenda shule walio katika hatari wapatiwe dawa mara kwa mara. "Mgonjwa" hakuwa tena mwenye mayai mengi, wala hata mwenye yai moja. Alikuwa mtoto yeyote wa shule katika eneo lenye kichocho.

King, kwa ushirikiano na mwanahisabati David Gurarie, aliendelea kuliuliza swali kwa njia ya mifano ya kihisabati: katika eneo ambalo watu na konokono hawakusambaa sawasawa, dawa zigawanywe vipi kwa umri na kwa mahali ili zilete faida kubwa zaidi? Watafiti wengine, akiwamo Uriel Kitron, walichora ramani za kaya na mabwawa ya vijiji kama Milalani na Nganja, na kuonyesha kwamba maambukizi hujikusanya karibu na maji fulani. Msomaji wa fasihi anaweza kuliona hili kuwa mbali naye. Lakini ramani ile ni masimulizi pia: inaeleza nani huenda wapi, na kwa kazi gani.

Nusu ya asilimia moja

Kazi iliyomfanya King ajulikane nje ya mduara wa wataalamu wa minyoo ilichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2005, akishirikiana na Katherine Dickman na Daniel Tisch. Haikuhitaji darubini. Ilikuwa kazi ya kusoma.

Ili kuielewa, yafaa kujua jinsi mashirika ya afya yanavyolinganisha maradhi. Kila ugonjwa hupewa uzito wa ulemavu, kuanzia sifuri, yaani afya kamili, hadi moja, yaani kifo. Uzito huo huzidishwa kwa idadi ya watu na miaka wanayoishi na ugonjwa, na jumla yake huonyesha ugonjwa upi unastahili fedha kwanza. Kichocho kilikuwa kimepewa uzito wa takribani nusu ya asilimia moja. Kwa maneno mengine, wakadiriaji walisema kwamba mtu mwenye kichocho hupoteza sehemu moja tu kati ya mia mbili ya uzima wake. Kwa uzito huo, ugonjwa unaowapata mamilioni ya watu uliweza kusukumwa hadi chini ya orodha.

King na wenzake walikusanya ripoti za utafiti kuhusu madhara ya kichocho: upungufu wa damu, maumivu, kuhara, kudumaa, kupungua kwa uwezo wa kufanya mazoezi, lishe duni. Walizichambua ripoti 135 kwa pamoja, na wakahitimisha kwamba ulemavu unaohusishwa na kichocho ni kati ya asilimia 2 na 15. Hata kiwango cha chini ni mara nne ya makadirio ya awali.

Kwale ilikuwa imekwisha kutoa ushahidi wa namna hiyo. Katika miaka ya 1980 Lani Stephenson na Michael Latham wa Chuo Kikuu cha Cornell, huyu wa pili akiwa daktari aliyewahi kufanya kazi Tanganyika, waliwafuatilia watoto wa shule wa Kwale kabla na baada ya kutibiwa. Katika makala yao ya mwaka 1990 walionyesha kwamba wavulana waliopewa metrifoneti au prazikwanteli waliongeza hamu ya kula na ustahimilivu wa mwili. Hamu ya kula! Hakuna mzazi wa Kwale ambaye angempeleka mtoto Hospitali ya Msambweni kwa sababu hakumaliza ugali wake. Na hakuna orodha ya kimataifa ambayo ingeliita jambo hilo ugonjwa, mpaka mtu aketi na kulijumlisha na mengine.

Ipo haja ya kuitathmini hoja hii kwa uangalifu. Upungufu wa damu huko Kwale una sababu nyingi: malaria, safura, lishe, uzazi wa karibu karibu. Kuukata na kusema sehemu hii ni ya kichocho na ile ni ya malaria si rahisi, na upana wa makadirio yenyewe, kutoka 2 hadi 15, unaonyesha ugumu huo. Wakosoaji walikuwa na haki ya kuuliza. Lakini nguvu ya makala ile haikuwa katika tarakimu kamili. Ilikuwa katika kukataa kwamba mtu aliyechoka polepole kwa miaka kumi ni mzima kwa kuwa tu hajalazwa.

Neno kama kipimo

Wakati Msambweni ikichuja mkojo, upande wa Tanzania lilifanyika jaribio ambalo kila idara ya Kiswahili ingepaswa kulifundisha. Katika Wilaya ya Kilosa, Christian Lengeler na wenzake walitaka kujua shule zipi zina kichocho kingi, bila gharama ya kupeleka maabara kila mahali. Walitumia hojaji. Walimu wenyewe waliwauliza wanafunzi kuhusu dalili na maradhi waliyoyapata, kichocho na damu katika mkojo vikiwa miongoni mwa mambo hayo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 yalionyesha kwamba majibu ya watoto yaliweza kuzitambua shule zenye hatari kubwa kwa gharama ndogo mno. Baadaye Shirika la Afya Duniani liliijaribu njia hiyo katika nchi kadhaa za Afrika.

Kilichofanya kazi ya darubini pale Kilosa ni neno. Mtoto wa miaka kumi, mwalimu wake, na mtafiti kutoka Uswisi walikuwa na jina moja la pamoja, na jina hilo lilitaja kitu ambacho mtoto amekiona kwa macho yake. Lau ugonjwa ungekuwa na jina la kitaalamu tu, hojaji isingefua dafu.

Lakini nguvu ile ile ndiyo udhaifu wake. Neno linaloita damu halimwiti mwenye uchovu. Tena, kuna suala la nani yuko huru kujibu. Mvulana huweza kusema mbele ya wenzake kwamba amekojoa damu, pengine hata kwa majigambo. Msichana aliyekwisha kuvunja ungo ana sababu mbili za kunyamaza: damu yake huweza kudhaniwa ni ya hedhi, hata na yeye mwenyewe, na anayeuliza ni mwalimu, mara nyingi mwanamume. Wanaisimujamii wangesema kwamba mahusika na muktadha vimeathiri data. Mhudumu wa zahanati angesema kwa lugha nyepesi kwamba wasichana hawasemi.

TUMIKIA na mipaka ya shule

Kwale ilirejea katika mjadala wa nani apewe dawa mwaka 2015, safari hii kwa minyoo mingine, hasa safura. Watafiti wa Kenya na Uingereza waliupa mradi wao jina la TUMIKIA, kifupisho cha "Tuangamize Minyoo Kenya Imarisha Afya". Mwanasarufi atakunja uso: sentensi inaanza kwa dhamira tegemezi, inaiacha Kenya ikielea bila kiambishi cha mahali, kisha inaangukia amri. Hata hivyo, neno lililopatikana ni zuri kuliko sentensi iliyolizaa, na ni nadra mradi wa kisayansi kupata jina ambalo bibi wa Kinango analielewa bila mkalimani.

Swali lilikuwa moja na la Msambweni. Kenya tayari ilikuwa na mpango wa kitaifa wa kuwapa dawa za minyoo watoto wa shule. Je, shule inatosha? Kaunti iligawanywa katika vikundi 120, jumla ya kaya zipatazo 150,000. Sehemu ya kwanza iliendelea na dawa za shule mara moja kwa mwaka. Ya pili ilipelekewa dawa nyumba kwa nyumba, kwa watu wa rika zote, mara moja kwa mwaka. Ya tatu vivyo hivyo lakini mara mbili. Wahudumu wa afya wa kujitolea ndio waliobisha hodi. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019, baada ya miaka miwili safura ilishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8 katika eneo la shule pekee, kutoka 17.9 hadi 8.0 pale jamii yote ilipotibiwa mara moja kwa mwaka, na kutoka 20.6 hadi 6.2 ilipotibiwa mara mbili.

Sababu haifichiki. Watu wazima nao huwa na safura, na mtoto aliyetibiwa shuleni hurudi kwenye kiwanja kile kile cha nyumbani. Kichocho si sawa na safura, kwani watoto ndio hubeba mzigo wake mkubwa, na anayeyahamisha maambukizi ni konokono. King mwenyewe alilifuatilia jambo hilo la mwisho: mwaka 2015 yeye na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti za kuua konokono kwa kemikali, njia iliyokuwa imeachwa na wengi tangu vidonge vilipopatikana. Alishiriki pia katika SCORE, muungano wa utafiti ulioanza mwaka 2008 chini ya Chuo Kikuu cha Georgia, ambao ulijaribu mipango mbalimbali ya kugawa prazikwanteli katika nchi kadhaa, zikiwamo Kenya, Tanzania Bara na Zanzibar. Ulikuta vijiji ambavyo maambukizi hayakushuka ipasavyo hata baada ya dawa za miaka mfululizo.

Mwezi Februari 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya. Mahali ambapo maambukizi yanafikia asilimia 10 au zaidi, dawa itolewe kila mwaka kwa kila mtu kuanzia umri wa miaka miwili, watu wazima wakiwamo, na wanawake wajawazito baada ya miezi mitatu ya kwanza. Mipaka ya neno "mgonjwa", iliyoanzia Machakos kwa wachache wenye mayai mengi, sasa ilikuwa imefika mlangoni mwa kila nyumba.

Bado yupo mtu ambaye mipaka hiyo haijamfikia sawasawa. Mayai ya kichocho cha mkojo hunasa pia katika shingo ya uzazi na uke, yakaleta vidonda, kutokwa na damu, maumivu wakati wa tendo la ndoa, na wakati mwingine utasa. Shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na UKIMWI lililitolea hali hii kijitabu maalumu mwaka 2019, kwa kuwa inahusishwa pia na hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Mwanamke mwenye dalili hizi akifika zahanati kati ya Ukunda na Lunga Lunga, dalili zake hufanana mno na za magonjwa ya zinaa, na ni rahisi atibiwe kwa dawa za zinaa zisizomsaidia, pamoja na shaka itakayoingia nyumbani kwake. Huenda alikwisha kuacha shule kabla ya siku ya vidonge, au ana miaka arobaini na hakuwahi kuhesabiwa. Katika Kiswahili hali yake hutajwa kwa maelezo kama "kichocho cha via vya uzazi vya mwanamke". Ni maelezo sahihi, lakini si rahisi kuyatamka mbele ya mhudumu, foleni ikiwa nyuma na mlango ukiwa wazi. Naye mhudumu, akisikia "kichocho" peke yake, atauliza kwanza kama anakojoa damu. Akijibiwa la, atageuza ukurasa.